TAHARIRI YA TAWI: Umeme Tununue Pamoja, Mlangoni Tusiuziwe





Ujumbe huu ni mrefu kuliko kawaida yetu. Tunaomba usiufungue ukiwa kwenye foleni ya dukani ukaishia aya ya kwanza. Unahusu bili ya umeme. Kwa majuma kadhaa sasa viongozi wa Tawi wamekuwa wakitumiwa picha za bili na wanachama wa Lowell, Worcester na kwingineko hapa Massachusetts, na swali linalokuja nazo ni lile lile: mbona jirani yangu wa ghorofa ya chini analipa senti chache kwa kila uniti kuliko mimi, na nyaya ni zile zile? Katika bili nyingi tulizoangalia jibu lilikuwa moja. Jirani yuko kwenye umeme ulionunuliwa na jiji kwa niaba ya wakazi wote. Mwanachama wetu alisaini karatasi mlangoni.

Msimamo wa Tawi tunauweka mbele kabisa, ili hata asiyefika mwisho aondoke nao. *Mwanachama anayeishi kwenye mji wenye mpango wa kununua umeme kwa pamoja abaki ndani ya mpango huo, alinganishe bei yake na ya kampuni ya nyaya angalau mara mbili kwa mwaka, na asimpe mtu yeyote wa mlangoni wala wa kwenye simu namba ya akaunti yake ya umeme.* Sasa tueleze kwa nini.

Nyumbani tumezoea jambo moja. Unanunua LUKU, unaingiza namba, taa inawaka. Anayesafirisha umeme na anayekuuzia ni TANESCO yule yule, na bei inapitishwa na EWURA. Hakuna anayekubishia hodi Tandika kukuuliza umeme wako unanunua kwa nani. Hapa mambo yaligawanywa kwa sheria ya jimbo ya mwaka 1997. Kampuni yenye nguzo na nyaya, ambayo kwa wengi wetu ni National Grid au Eversource, imebaki moja kwa kila eneo na huwezi kuibadilisha. Lakini umeme wenyewe unaopita kwenye nyaya hizo unaweza kuuziwa na kampuni nyingine. Ndiyo sababu bili yako ina sehemu mbili. Moja ni gharama ya kukufikishia umeme: nguzo, mafundi, mita. Ya pili ni gharama ya umeme wenyewe, kwa senti kadhaa kila uniti. Vita yote tunayoizungumzia leo iko kwenye sehemu hii ya pili.

Usipochagua muuzaji yeyote, kampuni ya nyaya inakununulia umeme sokoni na kukuuzia kwa gharama iliyoupata, bila kuweka faida juu yake. Hiyo huitwa huduma ya msingi, na kwa kawaida bei yake ya majumbani hubadilika kila baada ya miezi sita. Hiyo ni njia ya kwanza. Njia ya pili ni kutafuta muuzaji wewe binafsi, yaani wewe mmoja, na bili yako moja, unakaa mezani na kampuni ambayo kazi yake ya kila siku ni kuuza umeme. Ya tatu ndiyo tunayotaka muifahamu: mji wenu unaweza kuwakusanya wakazi na wafanyabiashara wote walio kwenye huduma ya msingi, ukawafanya mnunuzi mmoja mkubwa, kisha ukaita wauzaji washindane.

Mlioishi Tanzania mkiwa na gari mnaujua mfano wake. Zamani kila kampuni ya mafuta ilijiagizia meli yake. Meli zinapanga foleni bandarini Dar es Salaam, gharama za kusubiri zinapanda, na mwisho zote zinaishia kwenye bei ya pampuni. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa mahitaji yanajumlishwa, inaitishwa zabuni, mshindi analeta shehena ya wote. Kampuni bado ni nyingi na vituo bado ni vingi, ila kwenye kuagiza wanakuwa mnunuzi mmoja. Miji ya huku inafanya hivyo kwa umeme, tofauti ni kwamba anayejumlishwa ni mama mwenye nyumba ya vyumba viwili na muuza vyakula mwenye friza sita.

Utaratibu wake si wa siri. Mkutano mkuu wa mji, au baraza la jiji pale penye jiji, linapiga kura kuridhia. Mpango unaandikwa kwa kushauriana na idara ya nishati ya jimbo, kisha unapelekwa kwenye Idara ya Huduma za Umma, ambayo inausikiliza hadharani na kuuidhinisha au kuurudisha. Baada ya hapo mji, mara nyingi kwa kutumia mshauri, unawaalika wauzaji wenye leseni walete bei. Bei ikikubalika, mkataba unafungwa kwa miezi 12, 24, pengine 36. Barua inatumwa kwa kila mwenye akaunti aliye kwenye huduma ya msingi, ikimpa muda wa kusema hapana. Asiyesema kitu anaingizwa. Anayetaka kutoka baadaye anatoka, na katika mipango ya hapa jimboni kwa kawaida hakuna faini ya kutoka.

Kampuni ya nyaya haiendi popote. Bili bado inatoka kwao, umeme ukikatika kwa dhoruba unawapigia wao, na aliyekuwa anapata punguzo la watu wa kipato kidogo anaendelea kulipata. Tunalisisitiza hili kwa sababu kuna wanachama walioogopa kwamba wakiwa kwenye mpango wa jiji watapoteza punguzo lao. Hawalipotezi.

Wa kwanza kulifanya jambo hili nchini Marekani walikuwa watu wa Cape Cod, huko huko wengi wetu tunakokwenda majira ya joto kufanya kazi za hoteli. Cape Light Compact ilianzishwa mwaka huo huo wa 1997, na inaunganisha miji 21 ya Cape Cod na kisiwa cha Martha's Vineyard. Leo zaidi ya miji 150 kati ya 351 ya Massachusetts ina mpango wa namna hii. Lowell ipo, Worcester ipo. Boston ilichelewa: baraza la jiji liliridhia 2017, umeme wa pamoja ukaanza kuingia majumbani mwaka 2021. Wenzetu mliohamia Nashua na miji mingine ya New Hampshire, huko nako kumeamka, na miji kadhaa ilijiunga ikaanza kuuza umeme wa pamoja mwaka 2023. Miji michache, kama Holyoke na Chicopee, inamiliki shirika lake la umeme tangu zamani. Mlioko huko taarifa hii haiwahusu sana, ila msiifute, mtumieni ndugu.

*Faida iko wapi?*

Watu husema faida ya kununua pamoja ni bei ya jumla. Ni kweli kwa sehemu. Muuzaji anayepata nyumba elfu thelathini kwa mkupuo halipi vijana wa kutembea mtaa kwa mtaa, wala halipi matangazo ya redio. Pia matumizi ya watu wengi yakiunganishwa yanatabirika vizuri kuliko ya mtu mmoja, na anayetabirika huuziwa kwa bei nafuu. Lakini faida kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni *muda*. Kampuni ya nyaya inafungwa na kanuni: inanunua kwa vipindi vilivyopangwa, soko liwe juu au chini. Mji unaweza kusubiri. Unaweza kufunga bei ya miaka miwili siku ambayo soko limetulia, na siku soko likichafuka wakazi wake wamelala.

Majira ya baridi ya 2022 kuingia 2023 yalionyesha hili waziwazi. Umeme wa New England unazalishwa kwa kiasi kikubwa na gesi asilia, na vita vya Ukraine vilikuwa vimeipandisha gesi dunia nzima. Huduma ya msingi ya National Grid kwa majumbani, iliyokuwa senti 14.8 kwa uniti majira ya baridi yaliyotangulia, ikaruka hadi senti 33.9. Piga hesabu ya nyumba inayotumia uniti 600 kwa mwezi: kutoka takriban dola 89 hadi dola 203, na hapo hatujagusa gharama ya kufikisha umeme. Ongezeko la dola 114 kwa mwezi, kwa mtu anayelea wazee kwa malipo ya saa, ni karo ya mtoto aliyeachwa Morogoro. Miji iliyokuwa imefunga bei yake kabla ya vita iliwapitisha watu wake kwenye baridi ile kwa bei ya zamani. Wakazi wengi wa miji hiyo hata hawakujua wameokolewa na nini. Barua ya mpango walikuwa wameitupa kitambo.

Hatutaki kuwauzia ndoto, maana tukifanya hivyo tutakuwa sawa na yule wa mlangoni. *Mpango wa jiji hauahidi kwamba utakuwa nafuu kila mwezi.* Upepo ule ule unavuma pande zote mbili. Kufikia Mei 2023 bei ya msingi ya National Grid ilikuwa imeshuka hadi takriban senti 14. Mji ambao mkataba wake uliisha katikati ya bei za juu, ukalazimika kufunga mpya wakati huo, ulijikuta watu wake wanalipa zaidi ya jirani asiye na mpango wowote.

Yapo pia ya kujifunza nje ya jimbo. Chicago ilipiga kura ya wananchi Novemba 2012 ikakubali kununua kwa pamoja, na mwanzoni watu waliona nafuu. Bei ya kampuni ya nyaya ikaja kushuka, nafuu ikayeyuka, na mwaka 2015 jiji likaufunga mpango na kuwarudisha wateja walikotoka. Kaskazini-mashariki mwa Ohio kuna muungano mkubwa wa miji, NOPEC, uliofanya kazi hii tangu 2000. Mwaka 2022 bei yake ilizidi sana ile ya kampuni za nyaya, hadi ukaamua kuwarudisha wateja wapatao 550,000 kwa kampuni hizo kwa muda. Wasimamizi wa jimbo wakautaka ujieleze kwa nini usinyang'anywe kibali. Wapo waliousifu kwa kuwalinda wateja wake na bei ya juu, na wapo waliosema umewatua wengine mzigo, kwa kuwa kampuni za nyaya zilikuwa hazijajiandaa kupokea watu wote hao. Sisi tunaona ukweli uko kote kuwili. Lakini tazameni jambo moja: katika visa vyote viwili wateja walirudi kwenye huduma ya msingi kwa uamuzi uliotangazwa hadharani, na mtu hakufungwa na mkataba wa kibinafsi wenye faini. Hata mpango uliposhindwa, mlango wa kutokea ulikuwa wazi.

Ndiyo maana tumesema mbaki ndani *na* mlinganishe. Chukua bili, tazama bei ya uniti unayotozwa na muuzaji, tazama bei ya huduma ya msingi ya kipindi hicho. Ikiwa ya jiji imezidi kwa muda mrefu, unatoka bila kuomba ruhusa ya mtu, na unarudi huduma ya msingi. Ila ufahamu kwamba ukitaka kurejea kwenye mpango baadaye unaweza kupewa bei ya wakati huo, si ile waliyofungiwa wenzako.

*Sasa tuje kwa mgeni wa mlangoni*

Hapa tutasema bila kung'ata maneno.

Wanachama wengi wanamfahamu. Anavaa koti lenye nembo na beji shingoni. Anaanza kwa kusema ametoka "kwenye umeme", neno ambalo linaweza kuwa na maana yoyote. Wengine husema wametumwa na jiji. Hana haja ya pesa yako leo. Anataka tu *kuona bili*, "tuhakikishe kama unapata punguzo lako". Ukimletea bili, amepata alichofuata: namba ya akaunti. Kwa namba hiyo na neno lako la ndiyo, anakuhamisha. Bei anayokuonyesha ni ya miezi michache ya mwanzo. Baada ya hapo inageuka kuwa bei inayopanda na kushuka kwa matakwa ya muuzaji, na ukitaka kutoka unaweza kukuta kuna faini kwenye maandishi madogo.

Wapo watakaosema ni hadithi za vijiweni. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo ilizifanyia hesabu. Ripoti yake ya 2018 ilionyesha kwamba ndani ya miaka miwili, kuanzia Julai 2015 hadi Juni 2017, wateja wa majumbani waliosaini kibinafsi na wauzaji wa umeme walilipa takriban dola milioni 176 zaidi ya ambazo wangelipa kama wangebaki na kampuni ya nyaya. Na ripoti ikasema jambo ambalo sisi tulilijua bila kusoma: familia za kipato kidogo zilikuwa zimeingia kwenye mikataba hiyo kwa kiwango cha karibu mara mbili ya familia nyingine. Yaani anayepaswa kupata unafuu ndiye anayetozwa zaidi. Tangu hapo ofisi hiyo imekuwa ikitaka mikataba ya namna hii kwa majumbani ikomeshwe kabisa. Mwaka 2024 Seneti ya jimbo ilipitisha marufuku ya mikataba mipya. Baraza la Wawakilishi likapendelea kuirekebisha biashara kuliko kuifuta, na sheria ya nishati iliyosainiwa Novemba mwaka huo ikatoka bila marufuku.

Kwa nini wanakuja mitaa yetu? Kwa sababu tunafungua mlango. Tumelelewa hivyo, mgeni akibisha hodi anakaribishwa, hata chai anapewa. Kwa sababu wengi wetu Kiingereza cha mkataba kinatupa shida, na tunaona aibu kusema "sijaelewa" mbele ya kijana mwenye beji. Kwa sababu tunaishi nyumba za kupanga, tunahama, na kila tunapofungua akaunti mpya tunaanza upya. Na, tuseme ukweli, kwa sababu baadhi ya hao vijana ni wa kwetu. Wameajiriwa kwa kamisheni, wanazungumza Kiswahili safi, wanakuita shangazi au anko, wanataja mtaa wa Arusha unaoujua. Hatuwalaani; nao wanatafuta maisha. Lakini mwanachama anayeifanya kazi hiyo tunamwomba asiutumie mtandao wa Tawi wala vikao vyetu kutafuta wateja, na kiongozi wa shina atakayegundulika anagawa orodha ya namba za wanachama atachukuliwa hatua za kikatiba.

Jambo moja la kisheria litakalowasaidia waliojikwaa. Kusaini mkataba wa kibinafsi *kunakutoa* nje ya mpango wa jiji, kwa kuwa jiji linawaingiza moja kwa moja wale tu walio kwenye huduma ya msingi. Mkazi akisaini mlangoni anajitenga na kundi na kundi linapungua. Ukisaini leo, una siku tatu baada ya kupokea masharti ya mkataba za kuvunja bila gharama. Siku zikishapita, soma kama kuna faini ya kutoka na ni kiasi gani. Mara nyingi tumekuta faini ni ndogo kuliko hasara ya kubaki. Ukishatoka, uwaarifu watu wa mpango wa jiji kwamba unataka kuingia. Haitatokea yenyewe.

*Barua inayotupwa*

Kuna tatizo la upande wetu pia, na limetugharimu. Mpango wa jiji unawasiliana kwa barua ya posta. Barua hiyo inafanana na takataka zote za posta: kadi za mikopo, bima ya gari, piza. Tena inakuja kwa jina la mwenye akaunti. Katika nyumba zetu mwenye akaunti mara nyingi ni yule wa kwanza kufika, na huenda siku hizi yuko Texas. Barua inakaa juu ya friji inamsubiri shemeji ambaye harudi.

Kwa hiyo hakikisha akaunti ya umeme iko kwa jina la mtu anayeishi humo ndani na anayefungua barua. Hakuna anayeulizwa uraia. Mpango ni wa kila mwenye akaunti kwenye mji: raia, mwenye kadi ya kijani, mwenye hifadhi, mwanafunzi. Kama umeme umo ndani ya kodi ya nyumba, mwenye akaunti ni mwenye nyumba na uamuzi ni wake. Lakini si vibaya kumuuliza, hasa akija kukuongezea kodi kwa kisingizio cha umeme.

Wenye biashara tunawakumbusha kwa ufupi, maana nyinyi mnajua kusoma risiti kuliko sisi. Biashara ndogo iliyo kwenye huduma ya msingi nayo inaingizwa kwenye mpango. Saluni yenye vikaushio vinne, duka lenye friza za samaki, kisamvu na mihogo zinazonguruma usiku na mchana: kwa mtu kama huyu tofauti ya senti mbili kwa uniti si maneno. Na nyinyi ndio mnaopigiwa simu zaidi na madalali wa umeme, kwa sababu matumizi yenu ni makubwa. Dalali anayekuahidi bei "ya siri kwa biashara tu" mwambie aiandike, kisha uiweke pembeni ya bei ya jiji.

*Chama na bili ya umeme*

Tunajua kuna watakaouliza: Chama cha nyumbani kinatafuta nini kwenye mita za Massachusetts? Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba Tawi lina wajibu kwa maisha ya mwanachama pale alipo. Mwanachama anayekatiwa umeme Machi hatalipa ada Aprili, wala hatatuma chochote kwa mama yake. Hatumwambii mtu yeyote ampigie nani kura kwenye uchaguzi wa hapa. Hiyo si kazi yetu na sheria za hapa tunaziheshimu. Lakini kikao cha baraza la jiji ni cha wakazi, na sisi ni wakazi. Mkienda, nendeni kama wakazi, bila sare za Chama.

Na kuna sababu ya kwenda. Mkataba wa jiji unapokaribia kuisha, kuna watu wachache wanaoamua: funga sasa au subiri, miezi 12 au 36, kiasi gani cha umeme wa jua na upepo kiongezwe juu ya kile ambacho sheria ya jimbo inalazimisha. Umeme safi zaidi tunauunga mkono, lakini tunataka bei ya kawaida ibaki inayobebeka na anayetaka asilimia 100 achague mwenyewe, kama Boston inavyofanya kwa kuweka viwango vitatu. Mshauri wa jiji naye analipwa. Malipo yake huwa yamo ndani ya bei yetu ya uniti, na kiwango cha kawaida ni sehemu moja ya kumi ya senti. Ni kidogo, lakini ni chetu, na mlipaji ana haki ya kuuliza anacholipia.

Kampuni kubwa zinaelewa uzito wa watu kununua pamoja, pengine kuliko sisi. California ilipokuwa inaanza, kaunti ya Marin ikiwa mstari wa mbele mwaka 2010, kampuni ya PG&E ilimwaga zaidi ya dola milioni 40 kwenye kura ya Juni mwaka huo ili kila mji utakaotaka kuingia biashara hiyo upate kwanza theluthi mbili ya wapiga kura. Ilishindwa. Kampuni haitumii fedha kiasi hicho kuzuia jambo lisilo na maana.

Madai yetu kwa majiji yetu ni machache, na tutayapeleka kwa maandishi kama kikundi cha wakazi. Barua ya mpango na ukurasa wake vitoke pia kwa Kiswahili, kwa kuwa Lowell na Worcester zina Watanzania, Wakenya na Wakongo wa kutosha kuhalalisha karatasi moja. Bei ya jiji na bei ya huduma ya msingi ziwekwe pamoja kila zinapobadilika, hata pale ambapo ya jiji imezidi. Na jiji litangaze, kwa lugha ambayo bibi anaielewa, kwamba halitumi mtu yeyote mlangoni kuomba bili.

*Utekelezaji*

Kikao kijacho cha Tawi kila mwanachama aje na bili yake ya umeme ya mwezi uliopita, ya karatasi au kwenye simu. Katibu atakuwa na meza pembeni pamoja na vijana wawili wanaosoma vyuo vya hapa. Watatazama muuzaji wako ni nani, bei yako ni senti ngapi, na kama umo kwenye mpango wa jiji au la. Namba ya akaunti ifunikeni kwa kidole kabla ya kuwaonyesha. Hata sisi msituamini nayo.

Wenyeviti wa mashina wahakikishe wazee wasiotumia makundi ya simu wamepigiwa na kusomewa taarifa hii. Mwanachama aliyesaini mlangoni ndani ya siku tatu zilizopita asisubiri kikao. Ampigie Katibu leo hii, hata kama ni usiku.

Uongozi wa Tawi
Massachusetts